Ghorofa moja inatosha kukimaliza kiwanja cha Kajjansi

Kila mara ndege ndogo ikipita chini chini juu ya mabati ya Kajjansi, pale stegi ya boda lazima mtu aseme hiyo imebeba mheshimiwa, mwingine amjibu hapana hao ni watalii wa gorila, wa tatu aulize kwani sisi tunafaidika nini na hiyo kelele, alafu abiria anakuja na mjadala unakatika. Nimeusikia mjadala huo huo kwenye taksi, nimeusoma kwenye makundi ya WhatsApp, na hata watu wakubwa wenye elimu zao wanaufuata vile vile, kiwanja cha ndege cha Kajjansi ni cha matajiri basi kifungwe, au kiwanja ni maendeleo basi mnyamaze.

Mi naona tunagombana juu ya kitu kidogo tumeacha kikubwa. Nani amekaa kwenye kiti cha ndege ni habari ya siku moja, lakini nini kinajengwa chini ya njia yake ni habari ya miaka 50. Viwanja vidogo vilivyo karibu na miji mikubwa mara nyingi havifi kwa sababu watu walikaa wakaamua vife, vinabanwa tu, leo plani ya nyumba za kupangisha inapitishwa upande huu, kesho mnara wa simu upande ule, keshokutwa shule ya ghorofa, na siku rubani wa mwisho anaondoka hakuna hata mtu mmoja wa kuulizwa nani aliamua. Hilo ndilo naliogopa kwa Kajjansi na nataka tuliongee sasa hivi.

Kwa wale walio mbali, Kajjansi iko kama kilomita 15 kusini ya Kampala katikati, kwenye barabara ya Entebbe, karibu na ziwa. Uwanja mkubwa wa Entebbe uko kama kilomita 40 kutoka mjini na unashika ndege za abiria za kimataifa. Kajjansi ni ya ndege ndogo, Cessna za kufundishia, Caravan za kukodi, helikopta, na MAF, lile shirika la kimisheni linalorusha watu na mizigo kwenda sehemu ambazo barabara inakuchosha mpaka unaugua. Haiko kwenye orodha ya viwanja vinavyoendeshwa na mamlaka ya usafiri wa anga, UCAA, kama vile Arua, Gulu, Soroti, Kasese au Moroto. Ni ya watu binafsi, UCAA inabaki msimamizi wa sheria na usalama. Hiyo tofauti ishike kichwani maana ndipo tatizo linapojificha, kiwanja cha serikali kikibanwa kuna ofisi ya serikali itapiga kelele, cha binafsi kikibanwa watu wanasema hiyo ni shida ya mwenye nacho.

Lakini si shida ya mwenye nacho peke yake. Ndugu zetu wa West Nile, kaskazini magharibi ya nchi, wanajua basi la kutoka Kampala mpaka Arua linakula usiku mzima, na ukitaka Moyo au Adjumani unaongeza masaa. Karamoja, kaskazini mashariki, ndio usiseme, Kaabong kwa gari ni siku nzima na mvua ikinyesha barabara zingine zinageuka mto. Sasa mfikirie daktari wa upasuaji anayeenda kufanya kambi ya siku tatu kule, akitumia barabara siku mbili zinaishia njiani, akiruka asubuhi mchana ameshavaa glavu. Na mgonjwa akitoka kule kuja huku, hospitali ya CoRSU ya Kisubi inayotibu watoto wenye ulemavu wa mifupa iko hapo hapo barabara ya Entebbe. Ile hospitali kubwa ya Lubowa nayo, ambayo Bunge mwaka 2019 liliidhinisha hati za ahadi ya kulipa za dola milioni 379 kwa ajili yake na mpaka leo watu bado wanauliza iko wapi, ikija kufunguliwa kiwanja cha karibu nayo kuliko vyote ni Kajjansi.

Utalii pia sitaudharau eti kwa sababu ni wa wazungu. Kibali cha kuona gorila kwa mgeni wa kutoka nje ni dola 800 tangu Julai 2024, na mtu mwenye siku chache anaruka mpaka Kihihi au Kisoro, siku ile ile yuko msitu wa Bwindi wenye gorila, anaacha pesa kwa loji, kwa wabeba mizigo, kwa mama anayeuza vikapu. Na marubani wetu je? Tuna chuo cha Soroti kilichoanza 1971 enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na Uganda Airlines ilirudi angani Agosti 2019, lakini hakuna rubani aliyezaliwa anajua kurusha ndege ya abiria 200, wote wanaanzia kwenye ndege ya viti viwili au vinne kwenye kiwanja kidogo mahali fulani. Ukiviondoa hivyo vidogo unabaki unanunua marubani wa watu.

Kampala ilishawahi kuwa na kiwanja ndani kabisa ya mji, Kololo. Pale ndipo bendera ya Waingereza ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 na ya kwetu ikapandishwa, Obote akiwa Waziri Mkuu. Leo ni uwanja wa gwaride, sherehe za kuapishwa na mikutano ya maombi. Mi sioni kama Kololo ilikosewa. Mlima umezungukwa na nyumba za mabalozi na mahoteli, kurusha ndege pale leo ingekuwa hatari kwa kila mtu, na jambo zuri ni kwamba ardhi yenyewe haikugawanywa ploti ploti, bado ni ya wazi, bado ni ya umma, na hilo kwa Kampala ninayoijua mimi ni muujiza.

Tofauti ni kwamba Kololo ilipoacha ndege, kulikuwa na kwingine kwa kwenda. Nje ya mji kulikuwa na mashamba ya ndizi na vinamasi. Sasa hivi nje ya mji ni wapi? Sensa ya 2014 ilikuta Wakiso, wilaya ambamo Kajjansi imo, ina watu karibu milioni 2, ya 2024 ikakuta milioni 3.4, ndiyo wilaya yenye watu wengi kuliko zote Uganda, imeipita Kampala yenyewe kwa mbali. Katikati ya hapo, Juni 2018, barabara mpya ya kulipia ya Kampala–Entebbe ikafunguliwa, kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo, inapita huko huko Kajjansi. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta ploti anajua barabara kama hiyo inafanya nini. Pale palipokuwa na mihogo panakuwa na ukuta na geti.

Sasa nije kwenye hesabu, naomba mnivumilie hapa maana ndipo kiini kilipo na watu wengi hawajawahi kuelezwa.

Ndege haihitaji ardhi ya kukimbilia tu, inahitaji na hewa safi mbele yake na nyuma yake. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kwenye kiambatisho chake namba 14 limeweka vipimo. Kwa kiwanja chenye njia ya kurukia ya mita 800 mpaka chini ya 1,200, ambacho rubani anatua kwa macho bila mitambo ya kumwongoza, unaanza mita 60 kutoka mwisho wa njia, na kutoka hapo kila ukienda mbele mita 25 unaruhusiwa kupanda juu mita 1. Ndiyo hivyo tu. Kwa maana hiyo ukifika mita 300 kutoka hapo, kitu kirefu kuliko mita 12 tayari kinachoma ile njia ya hewa. Nyumba ya ghorofa tatu, weka slabu, weka paa, weka lile tanki jeusi la maji juu, weka antena ya televisheni, umeshapita mita 12. Pembeni ya njia sheria ni nyingine, mita 1 juu kwa kila mita 5. Na kwenye duara la kilomita mbili na nusu kukizunguka kiwanja, kwa ujumla kitu kisizidi mita 45 juu ya usawa wa kiwanja, hapo minara ya simu ndiyo inaingia kwenye kesi.

Alafu kumbuka nchi yetu si tambarare. Mita 12 zinahesabiwa kutoka usawa wa kiwanja, si kutoka kwenye kizingiti cha mlango wako. Nyumba ya chini tu, bila ghorofa, ikijengwa juu ya kilima inaweza kuwa kizuizi kibaya kuliko ghorofa nne iliyo kule bondeni kwenye mafunjo. Ndiyo maana mtu wa kawaida hawezi kujua kwa kuangalia kwa macho kama nyumba yake ina shida, mpaka aje mpimaji na mashine yake.

Ongeza na mwinuko. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kiwanja chochote cha huku kinaanzia juu ya hapo. Hewa ni nyepesi, na siku ya joto la nyuzi 28 ndege inafanya kazi kana kwamba iko mita 1,900 hivi. Injini inavuta hewa kidogo, bawa linashika hewa kidogo, ndege inakimbia ardhini mbali zaidi kabla ya kunyanyuka na ikishanyanyuka inapanda polepole. Rubani wa Mombasa na rubani wa Kampala wakipewa ndege moja na mzigo mmoja, wa Kampala anahitaji nafasi kubwa zaidi mbele yake.

Na hapa ndipo ninaposema ghorofa moja inatosha. Watu wanafikiri jengo likizidi urefu basi siku moja ndege italigonga na kiwanja kitafungwa kwa msiba. Mara nyingi haiendi hivyo, kinachotokea ni cha kimya. Jengo la kwanza likisimama, rubani analiona, anapiga hesabu, anaona akijaza viti vyote na mafuta yote hatalipita kwa usalama, kwa hiyo anapunguza. Anaacha abiria mmoja, au anaacha katoni kadhaa za dawa, au anabeba mafuta kidogo alafu analazimika kusimama njiani kujaza. Jengo la pili linamlazimisha mwenye kiwanja kusogeza ndani ile alama ya pa kutulia, na njia iliyokuwa ndefu ya kutosha inakuwa fupi ingawa lami au udongo wake upo pale pale. La tatu, kampuni ya bima inauliza maswali. La nne, safari ya Kaabong haijilipi tena. Kiwanja bado kinaitwa kiwanja, upepo bado unapeperusha ule mfuko wa rangi, lakini kazi imeisha, na hapo mwenye ardhi anakuwa na sababu zote za kuuza.

Nenda mwenyewe utembee upande wa vichwa vya njia, yaani pale njia ya kurukia inapoishia, usiangalie nyumba zilizokwisha, angalia zile ambazo hazijaisha. Nyumba za kupangisha, vyumba sita au nane chini, slabu imemwagwa juu na nondo zimeachwa zimechomoza kutoka kwenye kila nguzo, zingine zimeshaanza kushika kutu. Sisi wote tunajua zile nondo zinasema nini, mwenye nyumba akipata pesa anapandisha. Mzee mmoja mwenye nyumba ya namna hiyo nilimuuliza, mzee, ulipopeleka plani kuna mtu alikuambia habari ya ndege? Akaniambia mwanangu, waliniuliza habari ya choo na habari ya ada, ndege hakuna aliyeitaja. Mzee hana kosa. Ameweka akiba yake ya kustaafu pale, kila nondo ameilipia, na siku afisa akija na karatasi kumwambia asipandishe ghorofa ya tatu atakuwa na haki ya kukasirika.

Wenzetu wa Nairobi wameshafika huko. Wilson iko kama kilomita tano kutoka katikati ya jiji, imechukua jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Ndiyo nyumbani kwa madaktari warukao wa AMREF, kazi iliyoanza 1957. Upande wa kusini Wilson ina bahati, kuna mbuga ya taifa, na simba hawajengi maghorofa. Upande wa mji maghorofa ya kupangisha yamejaa na mvutano wa urefu wa majengo haujawahi kuisha. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria ya Safarilink na Cessna ya mafunzo ziligongana hewani, Cessna ikaanguka ndani ya mbuga, waliokuwemo wawili wakafariki. Ni msiba, lakini jiulize kama ile nyasi ingekuwa mtaa ingekuwaje. Tarehe 7 Agosti 2025 ndege ndogo ya AMREF iliyokuwa imetoka Wilson ikaangukia makazi ya watu huko Mwihoko, Kiambu, watu sita wakafa, wawili kati yao walikuwa chini hawana habari na ndege. Baada ya kila ajali kuna wanaosema hamisha Wilson. Mi nasoma somo lingine, kwamba nafasi ya wazi chini ya ndege inaokoa watu wa chini kabla ya wa juu, na nafasi hiyo mji ukishaila hairudi.

Kuna namna nyingine ya kukiua kiwanja, ya Chicago. Meigs Field ilikuwa ukingoni mwa ziwa Michigan, mbele kabisa ya maghorofa ya katikati ya mji, ilifunguliwa 1948. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 2003 meya Richard Daley akatuma matingatinga yakachimba alama kubwa za X kwenye njia ya kurukia, ndege 16 zikiwa zimeegeshwa pale, wenyewe wakaamka asubuhi hawawezi kuondoka kama kawaida. Serikali kuu ya Marekani ililipiga jiji faini ya dola 33,000, na baadaye jiji likarudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege zilizotumika vibaya. Leo ni bustani ya watu. Ule ulikuwa ubabe, siupendi, lakini walau kila mtu Chicago anajua nani alifanya na aliulizwa.

Namna ninayoiheshimu ni ya Santa Monica, California. Wakazi walipigana na kile kiwanja miaka na miaka, kelele, moshi, hofu, mpaka Januari 2017 jiji na mamlaka ya anga ya Marekani wakaandikishana mahakamani: njia ipunguzwe kutoka futi 4,973 mpaka 3,500, na jiji liruhusiwe kukifunga baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Karibu miaka 12 ya taarifa. Mwenye hanga, banda la ndege, anajua, mwenye shule ya urubani anajua, anayetaka kununua nyumba anajua. Sipendi viwanja vifungwe, lakini ukiamua kufunga, basi fanya hivyo, mchana kweupe, na tarehe ikijulikana.

Naomba watu wa anga nao wasinishangilie mapema, maana wakazi wa Kajjansi wana madai ya kweli. La kelele linatatulika kwa masaa, ndege za mafunzo zinazozunguka zunguka zisianze alfajiri watu wamelala na zisirudie njia ile ile Jumapili nzima juu ya kanisa. Lakini kuna la pili ambalo halisemwi kabisa na linaniuma zaidi, nalo ni madini ya risasi.

Caravan na helikopta nyingi za kukodi zinatumia mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa, hayana risasi. Lakini ndege ndogo za injini ya pistoni, zile za kufundishia hasa, kwa kawaida zinatumia petroli ya ndege inayoitwa 100LL, na hiyo ina risasi kama nusu gramu kwa kila lita. Sisi kusini mwa Sahara tuliiondoa risasi kwenye petroli ya magari ifikapo 2006, dunia nzima ikamaliza 2021 Algeria ilipofunga hesabu, kwa sababu risasi inaharibu akili za watoto na haina kiwango ambacho unaweza kusema hiki ni salama. Ndege zikabaki. Kule kaunti ya Santa Clara, California, baada ya utafiti wa 2021 kuonyesha watoto walio karibu na kiwanja cha Reid-Hillview wana risasi zaidi kwenye damu, kaunti ikaacha kuuza mafuta hayo kuanzia 1 Januari 2022, na Oktoba 2023 shirika la mazingira la Marekani likasema rasmi kwamba risasi ya ndege inahatarisha afya ya umma. Sasa sisemi watoto wa Kajjansi wameathirika. Nasema mtu apime. Kuna shule karibu, kuna zahanati, kipimo cha damu si roketi, Wizara ya Afya ikishirikiana na wenye shule za urubani inaweza kufanya hivyo na kutangaza majibu. Ikikutwa safi, kiwanja kimepata hoja. Ikikutwa chafu, mafuta yabadilishwe, na gharama iwe juu ya anayerusha ndege, isiwe juu ya mtoto wa jirani.

Na jirani naye ana deni lake. Takataka. Kila mtu wa Kampala anamjua kaloli, ule ndege mkubwa mwenye kipara anayekaa juu ya jalala, anaweza kufika kilo 9 na mabawa yake yakifunguka ni zaidi ya mita mbili. Injini ya Caravan ni moja tu. Palipo na jalala wazi pana kaloli, na tangu lile jalala la Kiteezi liporomoke Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, takataka za mji zinatafuta pa kwenda. Ukizitupa chini ya njia ya ndege umeweka mtego.

Basi nani alipe? Hapa ndipo wengi wanakimbia mjadala. Ardhi ya huku kwetu nyingi ni mailo, yaani ya mtu binafsi mwenye hati, juu yake kuna wenye vibanja, wale wanaoikalia bila hati hiyo, na Katiba ya 1995 kifungu cha 26 inasema mali ya mtu haichukuliwi bila fidia ya haki, ya kutosha, na kwa wakati. Ukimwambia yule mzee wa nondo asipandishe ghorofa, umemchukulia kitu. Hujachukua udongo wake, umechukua hewa yake, lakini hewa ile ilikuwa na kodi ya vyumba vinane ndani yake. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama taifa tunasema Kajjansi ni ya maana kwa hospitali, kwa Karamoja, kwa West Nile, kwa utalii, basi tulipie urefu. Vile vipande vya karibu kabisa na vichwa vya njia vinunuliwe, viwe bustani za mboga, viwanja vya mpira, maegesho ya magari, chochote kisichopanda juu. Vya mbali kidogo mwenyewe abaki na ardhi yake alipwe kwa ghorofa asizojenga. Pesa itoke kwenye ada za wanaotua pale na sehemu itoke serikalini. Na kama taifa linaona hiyo pesa ni nyingi mno, sawa, basi tutangaze tarehe ya kufunga kama Santa Monica, tutafute ardhi nyingine sasa hivi wakati bado ipo, tusije tukaambiwa mwaka fulani kwamba ndege za Kaabong zimehamia Entebbe na bei imepanda na hakuna aliyesaini.

Sheria za kufanya hivyo tunazo. Ile ya mipango miji ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, hakuna tena kusema huku ni kijijini. Ya majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya msingi. UCAA ina kazi ya kuangalia vizuizi vya ndege. Kinachokosekana ni hizo ofisi kukutana kabla ya zege kumwagwa. Mtu anapeleka plani yake baraza la mji, inagongwa muhuri, na mtu wa anga hajaiona. Muhuri huo ukishagongwa, kubomoa baadaye ni kesi, machozi, na kamera za televisheni, na mara nyingi jengo linabaki.

Kitu cha kwanza ninachotaka mimi ni kidogo na hakihitaji bajeti ya Bunge. Ramani moja, yenye rangi, inayoonyesha kila kijiji cha Kajjansi na urefu wa mwisho wa kujenga pale kwa mita, na maelezo kwa Kiganda, Kiingereza na Kiswahili, ibandikwe pale pale dirisha la kupokelea plani, na kwa ofisi ya kila mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa eneo hilo, na wakala wa ploti alazimike kumwonyesha mnunuzi kabla ya kuchukua pesa yake. Kama ramani hiyo ipo tayari kwenye faili la mtu, na mtu huyo anasoma hapa, basi aitoe wiki hii watu waione, hata kama ni ya zamani na ina makosa tutaisahihisha pamoja.